Futi kamba ya nyumbani na ya karakana: namna ya kuichagua, kuijaribu na kuitumia

Futi kamba zikining'inia dukani zote huonekana sawa. Tofauti yake kubwa iko mahali pawili ambapo wanunuzi wengi hawaangalii: kulabu iliyo mbele, na maandishi madogo yaliyochapwa kwenye sentimita chache za mwanzo za utepe. Rangi ya kasha, mpira wa kushikia na urefu ulioandikwa kwa herufi kubwa vinakuja baadaye.

Anza na kazi, urefu utajipanga wenyewe

Kosa la kwanza ni kununua ndefu kuliko inavyohitajika. Futi kamba ya mita 10 ina springi nene na kasha kubwa. Haikai vizuri mfukoni, inachosha mkono, na utepe wake hurudi kwa nguvu inayogonga kulabu kila siku. Kwa mtu anayepima kabati, mlango au dirisha, uzito huo ni wa bure.

Mita 3 zinatosha kazi nyingi za mezani. Bango zima la plaiwudi la milimita 2440 kwa 1220 lina mshazari wa milimita 2728, kwa hiyo hata kupima kona hadi kona unabaki na nafasi. Mita 5 ndio urefu wa kuchukua kama unataka moja tu ya kufanya kila kitu: inapima urefu wa ukuta, vyumba vya kawaida, mapazia na mabomba. Mita 8 inamfaa anayepima mapaa, sakafu kubwa na mbao ndefu. Ukivuka hapo, acha futi kamba ya springi kabisa, chukua ile ya kukunja kwa mkono yenye mita 20 au 30.

Kwa maoni yetu, karakana inayofanya kazi za mbao na chuma inahitaji mbili: ya mita 3 yenye utepe mwembamba inayokaa kwenye meza, na ya mita 5 au 8 yenye utepe mpana ya kutoka nayo.

Upana wa utepe

Upana wa kawaida ni milimita 13, 16, 19, 25 na 32. Utepe umebinuka kama mfereji kwa sababu moja: ubinuko ndio unaoufanya usimame wenyewe hewani bila kushikwa upande wa pili. Utepe wa milimita 16 huvunjika, yaani hujikunja ghafla, na kuanguka baada ya mita moja na kitu. Wa milimita 25 ulio mzuri hufika mita 2 au zaidi. Ukiwa unapima peke yako kutoka ukuta hadi ukuta, au unasukuma utepe kwenda juu darini, upana unakusaidia kuliko kitu kingine chochote.

Lakini upana una gharama yake. Utepe mpana na uliobinuka sana hauketi bapa juu ya ubao. Kingo zake, mahali palipochapwa mistari, hubaki juu, na jicho likikaa kando kidogo unasoma milimita moja zaidi au pungufu. Utepe mwembamba hulala chini, mstari ukagusana na penseli. Ndiyo maana kwa kazi ndogo za mezani wa milimita 13 au 16 hushinda wa milimita 25, ingawa wa 25 unaonekana wa kifundi zaidi.

Daraja la usahihi

Vuta sentimita kumi hadi ishirini za mwanzo usome. Kwenye utepe uliotengenezwa kwa kufuata kanuni za vipimo za Ulaya utakuta namba ya Kirumi, I, II au III, mara nyingi ndani ya duara au yai. Hilo ndilo daraja. Karibu yake kuna urefu wa utepe, alama ya mtengenezaji, pengine herufi M ikifuatwa na tarakimu mbili za mwaka, na maandishi 20°C, yaani joto ambalo utepe ulisawazishiwa.

Kosa la juu linaloruhusiwa hupatikana kwa hesabu fupi. Chukua urefu unaopimwa, uukamilishe kwenda juu hadi mita nzima, kisha:

- Daraja la I: milimita 0.1, jumlisha 0.1 kwa kila mita.
- Daraja la II: milimita 0.3, jumlisha 0.2 kwa kila mita.
- Daraja la III: milimita 0.6, jumlisha 0.4 kwa kila mita.

Kwa hiyo kwenye mita 5, daraja la I linaweza kukosea hadi milimita 0.6, la II hadi 1.3, na la III hadi 2.6, kwenda juu au chini. Ukianzia kwenye kulabu yenyewe badala ya mstari uliochapwa, kanuni inaruhusu nyongeza ndogo: 0.1, 0.2 au 0.3 kwa kufuata daraja.

Namba hizi ni mipaka ya mbali, na utepe mzuri hukaa ndani yake kwa raha. Hata hivyo zinaonyesha wazi nani anahitaji nini. Droo inayoingia kwenye reli haisamehi milimita mbili, wakati kitalu cha bustani hakijali hata sentimita. Kwa nyumba na karakana chukua daraja la II. La I lina maana kwa anayetengeneza samani za kubana au fremu za chuma zinazokutana na sehemu zilizotengenezwa kwingine. La III liache lifanye kazi za nje. Utepe usio na alama yoyote si lazima uwe mbovu, ila hakuna aliyekuahidi chochote kuuhusu, na majaribio ya chini yanakuwa ya lazima.

Kuhusu joto: chuma cha mita 5 hurefuka karibu milimita 0.6 joto likipanda kwa nyuzi 10. Seremala anaweza kulisahau hilo, kwa sababu ubao hucheza zaidi kwa unyevu. Fundi chuma naye ana bahati, kwani chuma anachopima kinarefuka pamoja na utepe mradi vyote viwe na joto lilelile. Tatizo huja ukipima bomba lililoshinda juani kwa utepe uliotoka kivulini, hasa kwenye urefu wa mita nyingi.

Kulabu: ichunguze kuliko vyote

Kulabu ya futi kamba nzima huchezacheza, na imetengenezwa hivyo makusudi. Mwendo wake wa kwenda mbele na kurudi unapaswa kuwa sawasawa na unene wa bati lake. Bati likiwa na unene wa milimita moja, mwendo nao uwe milimita moja.

Sababu yake ni hii. Unapoinasa kwenye ukingo wa ubao na kuvuta, sifuri inatakiwa iwe kwenye uso wa ndani wa kulabu. Unapoisukuma ukutani, sifuri inatakiwa iwe kwenye uso wa nje. Nyuso hizo mbili zimeachana kwa unene wa bati, basi kulabu inahama kiasi hichohicho kufidia.

Wapo wanaoona kulabu inacheza, wakadhani imelegea, wakazigonga ribiti, yaani vipini vya chuma vinavyoishikilia kwenye utepe, kwa nyundo hadi ikakaa kimya. Hapo futi kamba imeharibiwa. Ikigandia ikiwa imevutwa nje, kila kipimo cha ndani, kama upana wa fremu au nafasi ya friji, kitasomeka pungufu kwa unene wa bati. Ikigandia ikiwa imesukumwa ndani, kila kipimo cha kunasa kitasomeka zaidi. Uchafu, utomvu na gundi iliyokauka kwenye ribiti hufanya jambo hilohilo polepole bila mtu kuona.

Cha kuangalia:

1. Mwendo uwe wa mbele na nyuma tu. Kulabu ikiyumba kushoto na kulia, au kunyanyuka na kulala, matundu ya ribiti ni mapana mno.
2. Ribiti tatu au nne hushika vizuri kuliko mbili. Bamba la ziada la kuimarisha chini yake ni dalili njema.
3. Bati lisimame wima juu ya utepe. Likiinama mbele au nyuma hata kidogo, kipimo kinategemea umenasa kwa ncha au kwa shina.
4. Ukubwa ulingane na kazi. Kulabu pana inayotokeza juu na chini hunasa vizuri kwenye mabomba na mihimili, lakini huzuia utepe kulala bapa na haingii kwenye mfereji mwembamba.

Kulabu yenye sumaku inamsaidia anayepima chuma peke yake. Kwenye karakana yenye msasa wa mashine ni kero, kwa sababu unga wa chuma hujishikiza kwenye uso wake na kuongeza unene usioutarajia. Ukiichukua, jizoeze kuipangusa kabla ya kila kipimo.

Mistari na vizio

Ukifanya kazi kwa milimita, nunua utepe wenye milimita kwenye kingo zote mbili. Utepe wa vizio viwili, milimita upande mmoja na inchi upande wa pili, unaonekana kama ofa, lakini kila mara kizio unachokitaka kiko kwenye ukingo wa mbali. Uchukue tu ikiwa kweli unapokea vipimo vya aina zote mbili. Inchi moja ni milimita 25.4 kamili na futi moja ni milimita 304.8. Badilisha kwa kikokotoo, usijaribu kuoanisha kwa macho kupitia kwenye utepe.

Angalia pia namba zinavyoendelea baada ya mita ya kwanza. Kuna tepe zinazoendelea 110, 120, 130, na kuna zinazoanza upya 10, 20, 30 huku mita ikiandikwa pembeni kwa rangi nyekundu. Zote ni sawa, ila usichanganye aina mbili kwenye karakana moja. Kosa la milimita moja mara nyingi hurekebishika kwa msasa. Kosa la mita nzima au sentimita kumi humaliza ubao.

Kwenye tepe za inchi unaweza kukuta alama nyekundu kila inchi 16 na almasi ndogo nyeusi kila inchi 19.2. Hizo ni za kupangia nguzo na mihimili ya nyumba za mbao, hazihusiani na usahihi.

Utepe usiong'aa husomeka vizuri chini ya taa na juani. Ngozi ya nailoni au poliesta juu ya chapa hudumu kuliko rangi tupu. Rangi tupu hufutika kwanza kwenye sentimita thelathini za mwanzo, yaani palepale unaposoma zaidi.

Kasha na breki

Hapa hakuna mengi. Kasha litoshe mkononi, na liwe na upande wa chini ulio bapa ili lisimame. Yaliyo mengi yameandikwa urefu wake mgongoni, kwa mfano milimita 70 au 80, wa kujumlisha unapolisukuma ukutani. Skrubu ni bora kuliko kasha lililogandishwa kwa plastiki pekee. Breki ya kidole gumba inatosha. Zile zinazojifunga zenyewe ni starehe kwa anayepima peke yake, na ni usumbufu kwa anayetaka kuvuta na kuachia mara mia kwa siku.

Majaribio kabla ya kulipa

Nenda na rula ya chuma ya milimita 300. Majaribio yote huchukua dakika tano.

1. Sogeza kulabu mbele na nyuma kwa ukucha. Linganisha mwendo wake na unene wa bati kwa jicho.
2. Laza utepe kando ya rula, mstari wa 100 wa utepe ukiwa kwenye sifuri ya rula. Mstari wa 400 uangukie 300 pasipo ubishi. Hapa umepima chapa peke yake bila kulabu.
3. Nasa kulabu kwenye mwisho wa rula ulio na sifuri, vuta kidogo, usome upande wa pili: 300.
4. Sasa bana mwisho wa rula na kulabu kwenye ukuta au ubao ulio wima, usome tena: 300. Hatua ya 2 ikikubali na ya 3 au ya 4 ikakataa, kosa ni la kulabu.
5. Chukua nyingine ya aina ileile, zilaze sambamba sakafuni, zioanishe kwenye mstari wa 100, uangalie mita 3. Mbili za daraja la II zinaweza kuachana hadi milimita 1.8 bila hata moja kuvunja kanuni, ingawa kwa kawaida huachana kidogo zaidi ya unene wa mstari. Zikizidi milimita 1.8, weka chini zote.
6. Vuta utepe wote hadi mwisho. Tafuta mikunjo, chapa iliyofifia au iliyopinda, na mahali ubinuko ulipokufa.
7. Toa mita mbili, funga breki, tikisa. Utepe usirudi hata sentimita.
8. Fungua breki uurudishe ukiuongoza kwa mkono. Ukikwama karibu na mwisho, springi ni dhaifu, na haitapona.
9. Utoe hewani polepole, tumbo la ubinuko likiwa chini, uone unavunjikia wapi.

Ukiwa na haraka, usiache hatua ya 2, 3 na 4.

Makosa ambayo futi kamba husingiziwa

Utepe ulioenda upande husoma zaidi, lakini si kwa kiasi ambacho watu hudhani. Kwenye mita 2, ukiwa umepotoka sentimita 5 unapata milimita 0.6 za ziada. Ukipotoka sentimita 10, milimita 2.5. Kosa hukua haraka kadiri unavyozidi kupotoka, kwa hiyo kupotoka kidogo kunavumilika, kukubwa hakuvumiliki. Utepe unaoning'inia katikati kama kamba ya nguo nao husoma zaidi. Uegemeze ukutani au sakafuni.

Kupima ndani ya kona kwa kuukunja utepe na kukisia mstari ndiko kunakoleta fremu zisizoingia. Njia safi ni hii: kutoka ukuta wa kushoto pima milimita 1000 kamili, weka alama nyembamba. Kutoka ukuta wa kulia pima hadi alama hiyo. Jumlisha. Kutumia urefu wa kasha ni njia ya pili, mradi umehakikisha kwa rula kwamba ile namba ya mgongoni ni ya kweli.

Unapogawa urefu kwa mafungu sawa, usihamishe futi kamba kutoka alama hadi alama. Rafu sita za kila milimita 300 zipimwe zote kutoka mwisho mmoja: 300, 600, 900, 1200 na kuendelea. Ukihama kila mara, nusu milimita ya penseli inajirudia hadi rafu ya mwisho ikawa nje kwa milimita tatu.

Kuanzia kwenye mstari wa 100 ili kuikwepa kulabu ni mbinu nzuri kwa vipimo vidogo. Ubaya wake ni kusahau kutoa ile 100. Aliye upande wa pili aambiwe kwa sauti.

Na lile lenye hasara kuliko yote: mmoja anapima kwa futi kamba yake, mwingine anakata kwa yake. Kabla ya kazi ya pamoja, zinyooshwe sambamba mara moja, au itumike moja tu.

Mahali ambapo futi kamba si chombo chake

Chini ya milimita 300, rula ya chuma ni sahihi zaidi. Unene wa bati na kipenyo cha bomba ni kazi ya kalipa, chombo chenye taya mbili za kubana kinachopimwa. Kipimo cha leza hurahisisha vyumba vitupu, na vingi vya kawaida huahidi milimita 1.5 hadi 2 kwenda juu au chini, yaani havimshindi daraja la II kwenye mita 5. Karibu na nyaya za umeme usitoe utepe wa chuma kabisa. Tumia wa faibaglasi ulio mkavu. Tepe ndefu za kukunja kwa mkono huvutwa kwa nguvu iliyoandikwa juu yake, mara nyingi nyutoni 50, sawa na uzito wa kilo tano hivi. Ya faibaglasi ikivutwa kwa pupa hunyooka kuliko inavyopaswa, na kipimo kikasomeka pungufu.

Kuitunza, na lini uiache

Kinachoua futi kamba ni kuiachia irudi yenyewe. Kulabu hugonga mdomo wa kasha, ribiti hupanua matundu, bati hupinda. Irudishe kwa kuushika utepe kidogo kwa vidole kwenye uso wake, si kwenye kingo, kwa kuwa kingo hukata. Pangusa vumbi, maji na saruji kabla haijaingia ndani. Usitie mafuta: hushika vumbi la mbao na kulipeleka hadi kwenye springi. Usifungue kasha kwa udadisi, maana springi iliyobanwa huruka na haikunjiki tena kirahisi.

Kulabu iliyoinama kidogo hunyooshwa kwa koleo, kisha hatua ya 2 hadi ya 4 zirudiwe. Fanya hivyo pia kila inapoanguka kutoka juu ya ngazi. Matundu yakishapanuka hadi mwendo ukazidi unene wa bati, au mkunjo ukitokea ndani ya mita ya kwanza, iondoe mezani. Inaweza bado kupima mashimo ya miti na mafungu ya mchanga, ila ipake rangi nyekundu kwenye kasha ili mtu asije akaikatia ubao.